Vineno Vidogo, Pingu Kubwa

Nasema wazi, na atakayenuna anune: Kiingereza tunachofundishwa mashuleni ni Kiingereza cha mapambo. Tunafundishwa majina ya vitu na maneno marefu ya kutishia watu, halafu vile vineno vidogo vinavyobeba amri, ruhusa, sharti na kisingizio tunavipitia mbiombio kama mtu anayekatiza makaburini usiku. "And", "or", "but", "although". "Shall", "may", "must", "might". "Only", "really", "knowingly". Ukivitazama utavidharau. Lakini ndivyo vinavyofunga watu jela. Ndivyo vinavyomnyima mlinzi nauli yake, na ndivyo vinavyomwambia mgonjwa anywe dawa au asinywe.

Vijana wenzangu, wengi wetu tunaoandika katika kurasa hizi tumepita mlango uleule. Darasa la saba kwa Kiswahili, kisha kidato cha kwanza, ghafla, karibu kila somo Kiingereza. Na huko sarufi inagawiwa kama sukari ya duka la ushirika enzi za foleni: leo viunganishi, orodha ya ishirini; kesho vitenzi visaidizi, orodha ya kumi; keshokutwa vielezi, na ukumbuke vingi vinaishia na "-ly". Kila kundi na gunia lake. Mwanafunzi anakariri magunia matatu, siku ya mtihani anayamwaga, anapata alama zake. Halafu anatoka shuleni hajui jambo lililo kubwa kuliko yote: kwamba vineno hivi haviishi peke yake. Kimoja kikikaa karibu na kingine, maana inageuka. Kikihama kiti, maana inageuka tena.

Chukua "may". Kwenye daftari tumeandikiwa: ruhusa, au uwezekano. Basi, funga daftari. Haya, soma sentensi hii: "He may be rich, but he cannot read a contract." Je, msemaji ana wasiwasi kama jamaa ni tajiri? Hana hata kidogo. Utajiri wa jamaa anaujua, pengine anauonea wivu. Hapa "may" imeshikana mikono na "but", na ikishikana hivyo inaacha kazi ya kukisia. Inakuwa njia ya kukubali jambo ili upate nafasi ya kulipiga teke: sawa, tajiri ni tajiri, lakini mkataba hajui kusoma. Ondoa ile "but", useme "He may be rich" ukanyamaza, sasa kweli unakisia. Tia "well" katikati, "He may well be rich", kisio limeongezeka uzito. Mchukue ndugu yake "might", mpe "as well": "We might as well go." Hapo hakuna ruhusa wala kisio. Hapo ni mtu amechoka kungoja, anasema bora tuondoke tu, kwani tutafanyaje?

Nani alitufundisha hayo? Hayamo kwenye gunia la viunganishi, wala la visaidizi, wala la vielezi. Yamo kwenye kufunganishwa kwa hayo matatu, na huko mwalimu hafiki, kipindi kimekwisha.

Na pale mwanafunzi anapokosea, anachopata ni kalamu nyekundu na kicheko cha darasa. Sikiliza makosa yetu maarufu. "Although he was sick, but he came." Darasa zima hoi! Mbumbumbu huyu! Lakini mtoto huyo katoa wapi sentensi yake? Nyumbani kwao wanasema, "Ingawa alikuwa mgonjwa, lakini alikuja," na kila mtu anaelewa. Wapo walimu wa Kiswahili wanaolikataza hata hilo, lakini nenda sokoni ukasikilize. Sisi tunaweka alama pande zote mbili za sentensi, kama mtu anayefunga mlango kwa komeo juu na komeo chini. Kiingereza kinataka komeo moja. Ukishatia "although" huku, "but" kule haina kazi.

Na mwalimu anayeishia kusema "usirudie" naye kasema nusu ya kweli. Kwani andika "Although he was sick, yet he came." Hiyo inapita! Ina harufu ya vitabu vya zamani, lakini inapita. "Although he was sick, he still came" inapita pia, tena bila harufu yoyote. Mbona hizo hazilali na wekundu wa kalamu? Kwa sababu "yet" na "still" hapo ni vielezi, na "but" ni kiunganishi. Kiunganishi kimoja kinakubali kusaidiwa na kielezi, hakikubali kuwekewa kiunganishi mwenzake. Kanuni nzima ni hiyo. Dakika mbili za kipindi. Badala yake mtoto anachekwa miaka minne.

Kosa la pili: "If I would know, I would come." Hili ndilo linaloniuma zaidi, maana halitoki kwenye ujinga bali kwenye ujuzi. Kiswahili kinasema "Ningejua, ningekuja." Tazama uzuri wake: "-nge-" huku, "-nge-" kule, mizani imelala sawa. Mtoto anachukua mizani yake anaipeleka kwenye Kiingereza, na Kiingereza kinamkatalia, kwa kuwa "would" kinaiweka upande mmoja tu, na upande wa "if" kinaurudisha kitenzi katika wakati uliopita: "If I knew, I would come." Kujua kwenyewe ni kwa sasa, lakini umbo ni la jana. Nani ana haki ya kushangaa hapo, kama siye? Kichekesho kiko wapi?

La tatu: "He will can come." Kwetu "ataweza kuja", wakati ujao na uwezo ndani ya neno moja, hakuna ugomvi. Kwa Kiingereza haiwezekani, na sababu yake ni ya kifundi, siyo ya kiungwana. "Will" inadai ifuatwe na kitenzi katika umbo lake tupu, na "can" haina umbo hilo. Hakuna "to can" yenye maana ya kuweza. Kwa hiyo inabidi uazime jirani: "He will be able to come." Katika Kiingereza sanifu, kila kishazi kina kiti kimoja tu cha hawa "can", "may", "must", "will" na wenzao. Wawili hawakai. Nasema sanifu, maana huko Uskochi na kusini mwa Marekani wapo watu wanaosema "might could" katika mazungumzo yao ya kila siku, na dunia haijaanguka. Ila mtahini wetu angewapa sifuri watu hao, wenye lugha yao ya kuzaliwa.

Sasa weka makosa hayo matatu pamoja. Utaona sura moja. Kiswahili kinabeba alama zake ndani ya kitenzi, tena kinazirudia bila uchoyo. Neno moja, "wasingeweza", lina watu, lina ukanusho, lina sharti, lina uwezo. Kiingereza kinaitawanya mizigo hiyo barabarani: "they", "would", "not", "be able to", na kila mzigo una foleni yake. Masikio yetu yamezoea kuyasikia mambo hayo tumboni mwa kitenzi. Yakisimama nje, kila kineno peke yake, hatuyaoni. Tunadhani ni vumbi la sentensi. Hiyo ndiyo sababu tunakariri "magnificent" tunaacha "might".

Tena yapo makosa yasiyochekesha mtu. "Si lazima unywe dawa hii na chakula." Mwanafunzi wa magunia anajua "lazima" ni "must", na "si" ni "not". Anaunganisha: "You must not take this medicine with food." Loo! Amepiga marufuku! Kiingereza cha alichokusudia ni "You do not have to" au "You need not". Katika "must not" ule ukanusho haugusi lazima. Unaruka unagusa kitendo: lazima usifanye. Wakati "cannot" inafanya kinyume, ukanusho unaugusa uwezo wenyewe. Na "may not" ni kigeugeu kabisa: "He may not enter" yaweza kuwa amekatazwa kuingia, au yaweza kuwa huenda asiingie. Ni mazingira yatakayosema. Na haya siyo mashairi, ni maandishi ya chupa za dawa.

Vielezi navyo vina vituko vyao. "I really don't know": kwa kweli sijui. "I don't really know": sijui sawasawa. Maneno ni yaleyale, yamepishana viti tu. Nenda kwenye "only". "Only the chairman may sign cheques": wengine wote wakae mbali na kalamu. "The chairman may sign only cheques": mwenyekiti mwenyewe ndiye aliyefungwa, mikataba asiiguse. "The chairman may only sign cheques": hapo jiandae kwa ugomvi, maana kila upande utalisoma unavyotaka. Chama cha akiba na mikopo kinaweza kuvunjika kwa sababu ya kineno hicho kilichokosa mahali pa kukaa.

Najua yupo atakayesema: kijana, unakuza mambo, sarufi ni sarufi tu. Haya, twende Marekani, kwa wenyewe, tena katika Mahakama Kuu yao ya mwisho, tuone kama ninakuza.

Tuanze na kielezi. Sheria yao moja inaongeza miaka miwili ya kifungo, juu ya adhabu nyingine, kwa mtu ambaye "knowingly" anatumia utambulisho wa mtu mwingine wakati wa kutenda makosa fulani. Mfanyakazi mmoja kutoka Mexico alikuwa amempa mwajiri wake namba zisizo zake, na namba hizo zilikuwa za watu kweli. Swali likawa: "knowingly" inafika mpaka wapi? Inaishia pale kwenye kutumia, au inatembea hadi mwisho wa sentensi, kwamba alijua kabisa namba ni za mtu mwingine? Mwaka 2009 majaji wote 9 walikubaliana, na Jaji Stephen Breyer ndiye aliyeandika: inatembea hadi mwisho. Serikali lazima ithibitishe kwamba alijua. Miaka miwili ya maisha ya mtu ilikuwa imening'inia kwenye kielezi.

Twende kwenye visaidizi. Katika mji wa Castle Rock, jimbo la Colorado, mwaka 1999, mama mmoja alikuwa na amri ya mahakama ya kumzuia mumewe waliyetengana. Sheria ya jimbo ilitumia "shall": polisi "shall" watumie kila njia ya busara kutekeleza amri ya namna hiyo. Baba akawachukua watoto wao watatu wa kike. Mama akawaomba polisi tena na tena. Hawakumtafuta. Watoto wale waliuawa usiku huo. Mama akashitaki, kesi ikafika juu kabisa, na mwaka 2005, kwa majaji 7 dhidi ya 2, akashindwa. Jaji Antonin Scalia aliandika kwamba pamoja na hiyo "shall", polisi wana mazoea ya siku nyingi ya kutumia hiari yao, na kwamba neno hilo halikutosha kumpa yule mama haki ya kikatiba ya kudai amri itekelezwe. Daftari letu linasema "shall" ni lazima. Nenda ukamwambie mama yule.

Kiunganishi je? Mwaka 2018 Marekani walitunga sheria ya kuwapa nafuu ya adhabu baadhi ya waliotiwa hatiani kwa makosa ya dawa za kulevya. Sharti mojawapo ni mtu asiwe na mambo matatu katika rekodi yake ya zamani, yameorodheshwa A, B "and" C. Wewe unaisomaje? Nikikwambia mgeni asije na kisu, panga na bunduki, akija na panga peke yake umruhusu? Mmoja atasema hapana, yoyote kati ya hivyo ni marufuku. Mwingine atasema nilikataza vyote vikiwa pamoja. Ukanusho ukikutana na "and", mlango unafunguka pande mbili. Mwaka 2024 mahakama iliamua kwa majaji 6 dhidi ya 3, Jaji Elena Kagan akiandika: kuwa na moja tu kunatosha kukunyima nafuu. Jaji Neil Gorsuch alipinga, akaonya kwamba maelfu ya watu watakosa hata nafasi ya kufikiriwa. Maelfu ya watu! Kwa sababu ya "and", neno tunalofundishwa wiki ya kwanza na tusilolirudia tena mpaka kufa.

Tazameni vizuri, wenzangu. Katika kesi zote tatu hakuna neno hata moja gumu. Hakuna la kulitafutia kamusi. Majaji walibishana juu ya namna vineno vinavyoshikana, kipi kinafika wapi, kipi kinamtawala kipi. Kama wenye lugha wanagawanyika 6 kwa 3, sisi tunadanganyana nini na orodha za kukariri?

Wala msidhani haya yanaishia kwa majaji wa ng'ambo. Binamu yangu aliniletea nisome mkataba wake wa kazi ya ulinzi. Kampuni siitaji. Karatasi nzima Kiingereza. Nikachukua kalamu nikaanza kupiga mistari. Kila palipotajwa mlinzi palifuata "shall": "shall report", "shall not leave", "shall be liable". Kila ilipotajwa kampuni ilifuata "may": "may pay", "may review", "may, where funds permit, provide transport". Mara moja tu kampuni ilijivika "shall", nayo ilikuwa "shall deduct". Ngoma ya aina gani hii, mmoja anacheza na mwingine analipa kiingilio? Na kitazameni hicho kijishazi, "where funds permit", kilivyojibanza katikati ya "may" na "provide". Ni palepale Kiingereza kinapopenda kuketisha vielezi vyake, na ni palepale jicho letu linapopita haraka likikimbilia kitenzi. Binamu yangu ana cheti cha kidato cha nne, na Kiingereza alifaulu. Alikuwa ameshatia saini.

Hebu niambieni, huyo alifaulu nini?

Hapa nataka nigombane na makundi matatu, kisha nimalize.

Kundi la kwanza ni walimu wa marufuku. Hawa wanajua kukataza tu. Usianze sentensi na "And". Usianze na "But". Kwa "I" na "we" tumia "shall", kwa wengine "will", ukikosea umeaibisha shule. Jamani, waandishi wakubwa wa Kiingereza wameanza sentensi na "And" na "But" karne kwa karne. Na hiyo habari ya "shall" na "will", mnajua ilitoka wapi? Iliandikwa na John Wallis mwaka 1653, mwalimu wa hesabu, yuleyule aliyetupa alama ya "isiyo na mwisho" inayofanana na nane iliyolala. Kitabu chake cha sarufi ya Kiingereza alikiandika kwa Kilatini! Naam, Kilatini, apate kuwaelewesha wageni kwa lugha wanayoijua. Shule zetu zimerithi sheria yake zikaitupa hekima yake. Wallis alieleza Kiingereza kwa lugha nyingine bila soni, na sisi tuna shule ambazo mtoto akisema Kiswahili kwenye kipindi cha Kiingereza anavalishwa kibao shingoni.

Nasema hivi: tofauti ya "must not" na "need not" inaelezeka kwa Kiswahili kwa pumzi moja, "lazima usije" na "si lazima uje". Mtoto ameshaelewa. Ukimweleza kwa Kiingereza anachokijua nusunusu, unamwongoza kipofu kwa kutumia kipofu mwenziwe. Kuna faida gani kukataza taa kwa sababu ilitengenezwa nyumbani?

Kundi la pili ni sisi wenyewe, vijana wa kalamu. Tunapenda "notwithstanding", tunapenda "henceforth" na "heretofore", tunayasema kwa kukaza shingo. Mtu anayeweza kusema "paradigm" anaitwa msomi, na anayeuliza "hii 'may' hapa ni ya ruhusa au ya kukisia?" anaonekana mshamba. Kumbe mshamba ndiye anayesoma. Maneno makubwa hayana madhara, ukikosea utachekwa tu. Kineno kidogo ukikikosea unalipa. Usione wembamba wa reli ukadhani garimoshi halipiti.

Kundi la tatu nalipenda, kwa hiyo nitalisema kwa upole. Hawa ni wazalendo wanaosema: tuachane na Kiingereza kabisa, mjadala umekwisha. Mie mwenyewe nakipigania Kiswahili. Nilifurahi mwaka 2021 Tanzania ilipobadili sheria na kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Lakini furaha isitulevye. Sheria nyingi ziliandikwa kwa Kiingereza, na kuzifasiri ni kukutana uso kwa uso na vineno hivihivi. Sheria yetu ya Tafsiri ya Sheria, Sura ya 1, imelazimika kueleza kwamba katika sheria "may" ikitoa mamlaka ni hiari, na "shall" ikitoa jukumu ni lazima. Na pamoja na maelezo hayo, Mahakama ya Rufani imewahi kusema kwamba "shall" hiyo siyo lazima ya kila hali. Sasa wewe mfasiri, umeikuta "The Minister shall appoint". Utaandika "Waziri atateua"? Hiyo "-ta-" ni amri, au ni ahadi, au ni utabiri wa hali ya hewa? Na "may appoint" ukiifanya "anaweza kuteua", je, tunasema ana hiari au tunasifia nguvu zake? Anayevijua vineno ataandika "ni wajibu wa Waziri kuteua", na kule "Waziri anayo hiari ya kuteua", na wananchi watajua wamdai nini. Asiyevijua atauhamisha mtego wa Kiingereza, mzima mzima, aje autege kwa Kiswahili, na safari hii tutanaswa katika lugha yetu wenyewe.

Wenzetu wanajua hatari hiyo. Waliotunga Katiba ya Afrika Kusini ya mwaka 1996 waliiweka kando "shall" wakatumia "must", neno ambalo raia wa kawaida analielewa. Huko Marekani, kanuni za mwenendo wa kesi za madai katika mahakama za shirikisho zilipoandikwa upya mwaka 2007, "shall" iliondolewa. Wenye lugha wanaikimbia, sisi tunaipigia saluti.

Basi nataka nini? Sitaki mapinduzi ya bajeti. Nataka yale magunia matatu yafunguliwe yamwagwe sakafuni pamoja. Mwalimu asifundishe "may" siku moja na "but" siku nyingine; afundishe "may" pamoja na "but", "if" pamoja na "would", "not" pamoja na "must", "only" pamoja na kila kiti inachoweza kukalia. Afundishe kwa karatasi za kweli: fomu ya mkopo, mkataba wa kupanga nyumba, kibandiko cha dawa, katiba ya chama. Aulize maswali manne tu. Nani amebebeshwa "shall"? Nani amepewa "may"? Ukanusho unagusa nini? Kielezi kinafika wapi? Na aulize kwa Kiswahili, mchana kweupe, mlango wazi. Mtoto atakayejibu maswali hayo manne juu ya ukurasa mmoja wa mkataba nitamwita anajua Kiingereza, hata kama matamshi yake yananuka kwao.

Najua wapo watakaosema nawashushia hadhi walimu, wengine watasema nakitetea Kiingereza, na wengine kwamba nakiua. Wote nawakaribisha. Ila nawaomba jambo moja: atakayenijibu asinijibu kwa maneno makubwa. Achukue mkataba wowote ulio karibu naye, ahesabu "shall" za mnyonge na "may" za mwenye nguvu, kisha aje aniambie kwamba sarufi ni sarufi tu.